Ukaguzi wa Sanduku la Mama Mkubwa

Ujumbe wa sauti uliingia asubuhi, nikiwa ndani ya basi la kampuni, tukitoka Al Quoz, Dubai, kwenda kazini. Niliweka simu sikioni nikasikia mtu anacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha tumboni, kile kinachokatika ili mwenyewe avute pumzi, halafu kinaanza upya kama hakikukatika. Namba ilikuwa ya dada yangu wa Denver, Marekani, nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Kisha sauti nyingine kabisa ikasema, "Mwanangu, ni mimi, mama yako mkubwa. Leo nimekula bangi."

Na kicheko kikarudi.

Msichana Mkenya niliyeishi naye chumba kimoja, ambaye alikuwa askari wa mlangoni katika hoteli ileile niliyofanyia kazi mapokezi, alikuwa ameketi pembeni yangu na kofia yake mapajani. Aliniangalia usoni akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikampa simu asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia, akavaa kofia yake vizuri kana kwamba amesikia wimbo wa taifa.

Lazima kwanza nieleze mama mkubwa ni mtu wa namna gani, la sivyo kicheko kile hakitaeleweka. Ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana Dodoma. Siku ya kufungua shule wasichana walipangwa uwanjani, kila mmoja nyuma ya sanduku lake la bati, naye alipita akifungua moja baada ya jingine. Hakuwa na haraka. Alitoa kila kitu, akakunjua kila nguo, akapitisha kiganja chini ya karatasi iliyotandikwa ndani, akanusa chupa za mafuta, akafungua soksi zilizoviringishwa. Akimaliza, alikunja kila kitu upya kwa mkono wake, vizuri kuliko ulivyokileta. Alikuwa anatafuta simu, krimu za kujichubua, vyakula, na mara mojamoja sana, bangi. Bangi aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja nyoka aliyewahi kuingia chumbani kwake.

Nilipoanza kidato cha kwanza shuleni pale alianza na sanduku langu, mbele ya shule nzima, ili mtu asiseme ninapendelewa. Akatoa chupa ya karanga za kusaga, akaiinua juu, akaiweka kwenye kapu la vitu vilivyokatazwa. Karanga zile alikuwa amenisagia mwenyewe na kuzifunga sandukuni mwangu kwa mikono yake jioni iliyotangulia. Nililia. Wakati wa chakula aliniita pembeni akanieleza kwa kifupi: nyumbani yeye ni mama, pale ni matroni, na mimi nijifunze kujua niko wapi.

Huyo ndiye aliyekuwa anacheka.

Kwa siku mbili zilizofuata nilipata habari yote kwa vipande, yeye na dada wakipokezana simu. Alikuwa amekwenda Denver kumtembelea dada, ambaye ni mtoto wake wa kumzaa, na mkwe wake. Katika jimbo lile bangi ilikuwa imeshahalalishwa kwa watu wazima, na maduka yake yalikuwa barabarani kama maduka mengine. Mama mkubwa alilipita moja kila Jumapili wakienda kanisani. Siku alipotimiza miaka sitini na mitano, walipomuuliza anataka zawadi gani, alisema anataka kuingia mle ndani aone kwa macho yake kile alichowanyang'anya watoto wa watu maisha yake yote.

Mlangoni mlinzi alimwomba pasipoti. Nywele zake ni nyeupe zote, lakini mlinzi alitaka kuhakikisha umri, na hilo lilimfurahisha kuliko kitu kingine chochote siku ile. Alimsifu mlinzi kwa Kiswahili na Kiingereza. Ndani alikuta vioo, taa na harufu kama ya majani ya mnyanya ukiyavunja mkononi. Mhudumu mwenye ndevu ndefu alimweleza kwa subira: mgeni aanze na kidogo kabisa, asiongeze kwa sababu tu hajasikia kitu, asiendeshe gari, asitumie barabarani wala kwenye bustani ya watu wote, ahifadhi mahali ambapo mtoto hafiki, asipeleke uwanja wa ndege. Mama mkubwa alimuuliza maswali mpaka foleni ikawa ndefu. Baadaye aliniambia kijana yule, angenyoa ndevu, angemwajiri kama msaidizi wake.

Alinunua kikopo kidogo cha peremende laini zilizotiwa bangi. Nyumbani, baada ya chakula cha jioni, mjukuu akiwa amelala, alikata moja katikati kwa kisu cha matunda. Nusu aliila, nusu akairudisha. Dada hakugusa, ili nyumba iwe na mtu mwenye akili zake zote. Wakakaa. Mama mkubwa akasema hii ni uongo, haina kitu, lete nusu ya pili. Dada akachukua kikopo akakifungia. Walikaa tena, kwa muda mrefu, wakimenya njegere. Kisha nje, jirani akapita na mbwa wake aliyevalishwa koti la mvua. Mvua hakuna. Mama mkubwa alimtazama yule mbwa mpaka akapinda kona, akaweka bakuli la njegere chini, akaanza kucheka, na wakati huo ndipo alipoomba simu anitafute mimi.

Alikula ugali uliolala na kusema ni kama hajawahi kula ugali. Maumivu ya magoti yake yalinyamaza. Alilala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo hajalifanya tangu ujana wake. Alipoamka alitangaza kuwa ameona na ametosheka, na kwamba sasa angeweza kuongea na wasichana kuhusu jambo hilo kama mtu anayelijua.

Nilifurahi naye. Hilo niliseme wazi, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani nilichukia. Nilicheka peke yangu kwenye kaunta ya mapokezi mpaka meneja akaniuliza kama niko sawa. Lakini ule ujumbe wa kwanza ulikuwa na mwisho ambao sikuwa nimeusikiliza vizuri kwa sababu ya kicheko. Mwisho ulisema, "Na Ijumaa ya wiki ijayo nashuka kwako. Andaa chai."

Tulikuwa tumepanga hivyo tangu mwanzo. Tiketi yake ya kurudi ilipita Dubai, naye angekaa nami siku nne. Sikuwa nimemwona tangu nilipoondoka nyumbani. Nilikuwa nimeomba likizo, nimepewa chumba cha wafanyakazi wenye wageni katika hoteli yetu pale Al Mankhool, na Mkenya alikuwa ameapa kumpikia mama chapati ambazo atazitangaza Dodoma nzima.

Sasa, kazi yangu mapokezi ilikuwa pamoja na kuwaandikia wageni kabla hawajafika. Waliotoka nchi na majimbo ambako bangi ni halali walikuwa na aya yao maalumu, niliyoitunga mwenyewe na meneja akaipitisha. Iliwaambia kwa upole kwamba kilicho halali kwao huku ni kosa kubwa, hata chembe iliyobaki mfukoni, hata kwenye soli ya kiatu. Hata kilichobaki ndani ya damu au mkojo kilihesabiwa kuwa unacho, popote ulipokitumia. Kifungo kilikuwa cha miaka, kisha kurudishwa kwao. Nasikia baadaye sheria ililegezwa kidogo kwa wageni. Sisi tuliishi na ile ya wakati ule. Aya hiyo nilikuwa nimewatumia Waholanzi, Wamarekani, watu nisiowajua kabisa, bila kusita.

Na mama mkubwa, ambaye angeshuka siku chache tu baada ya ile peremende, sikujua nimwambieje.

Asiyetoka kwetu anaweza asione ugumu uko wapi. Mzazi aliyekulea anasema anakuja, umeshamwambia karibu, halafu unamwambia asije. Hakuna namna ya kulisema hilo likasikika vizuri. Kwetu mtu anaweza kukumbuka neno kama hilo hadi kwenye msiba wako. Nilianza kwa kumwambia kwamba Dubai kulikuwa na joto kali sana siku hizo. Alijibu papo hapo kuwa joto la Dodoma limemlea, la Dubai litamfanya nini. Nikamwambia ndege nyingine zinapita Ulaya na ni nzuri, mtu anaona nchi nyingi. Akasema hana shida na kuona nchi, ana shida na kuniona mimi.

Mkenya alikuwa amekaa juu ya kitanda chake akipiga pasi shati la kazi, anasikiliza yote.

"We Mbongo," akasema, "umemzungusha mathe mpaka yeye ndiye ataona kizunguzungu. Mwambie tu."

"Ni mama yangu mkubwa. Huwezi kumwambia hivyo."

"Akishikwa pale airport, utamwambia aje? Kwa Kiswahili sanifu?"

Kisha akaacha mzaha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua. Kwamba huenda mama angepita tu, mara nyingi watu wanapita, hakuna anayewapima. Na kwamba hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeweza kusimama pale uwanjani akisubiri hiyo "huenda".

Nilitoka nje, nikasimama kando ya karakana ya magari iliyokuwa mbele ya jengo letu, mafundi wakiwa wamefunga kwa ajili ya sala, pakiwa kimya. Nikabonyeza simu nikasema, "Mama, usije Ijumaa. Ulichofanya huko ni halali, na umekifanya kwa akili. Huku hata kilichobaki mwilini ni kosa, na sitaki uguswe. Njoo ukiwa huna kitu, sandukuni wala mwilini. Nitakungoja."

Nikautuma kabla sijaufikiria.

Alama ilionyesha kuwa ameusikiliza. Siku nzima nilisubiri jibu, nikifanya kazi vibaya. Nilimpa Mjerumani ufunguo wa chumba cha Mhindi. Mkenya alikuwa akipita mbele ya kaunta kila alipopata nafasi, ananiinulia nyusi, nami natikisa kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kujitungia hotuba ya kuomba radhi, yenye maneno makubwa ambayo mama mkubwa angeyakata katikati.

Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata, kwenye basi tena. Halikuwa na kicheko.

"Jana nimekasirika kutwa," alisema. "Nikasema, mtoto huyu amepata kazi Uarabuni, sasa ananifukuza mlangoni. Sikula. Halafu jioni nikakumbuka zile karanga. Nikasema, haya. Nyumbani wewe ni mtoto, huko ndiye matroni. Basi nikague, mwanangu, lakini unikague sawasawa. Ukinikagua ovyo nitakudharau."

Nilimpa Mkenya simu. Alisikiliza, akaweka kiganja kifuani, akasema mathe huyu apewe jeshi.

Dada alisogeza tiketi mbele kwa wiki kadhaa. Mama mkubwa akaenda kwa daktari, akamweleza kila kitu kama mtu anayeripoti tukio, akaomba apimwe. Daktari alimwambia kwamba kwa aliyetumia mara moja tu, tena nusu, hakibaki kwa muda mrefu, lakini hata yeye asingebahatisha na nchi ya watu. Alipimwa, akasubiri, akapimwa tena mpaka hakuna kilichoonekana. Kisha akaongeza wiki moja juu, ambayo aliiita yake mwenyewe. Kikopo kilichobaki aliwaachia wenye nyumba, kikiwa kimefungiwa kufuli. Kwa upande wangu likizo ilikuwa imepita. Meneja alisema khalas, imekwisha, ratiba imeshatoka, lakini baada ya kumbembeleza alinipa siku mbili za kupumzika zilizofuatana, na zamu za asubuhi kwa zile nyingine.

Ukabaki ukaguzi wa sanduku. Simu za picha kwa intaneti zilikuwa zimefungwa Dubai, kwa hiyo tuliufanya kwa picha na ujumbe wa sauti, jioni kwangu, asubuhi kwake. Alitandika shuka jeupe kitandani, akatoa kila kitu, akakipiga picha kimoja kimoja. Picha zilikuja kama gwaride: vitenge, gauni la kanisani, kofia mbili, viatu vilivyopinduliwa ili nione soli. Mifuko ya makoti ilikuwa imevutwa nje, ikining'inia kama masikio. Soksi zilikuwa zimefunguliwa. Biblia ilikuwa imeshikwa kwa mgongo na kukung'utwa, dada ndiye aliyepiga picha hiyo.

Mkenya alijiteua kuwa msaidizi wa mkaguzi. Alilala kifudifudi kitandani kwangu akikuza kila picha kwa vidole. Ndiye aliyeuliza koti alilovaa siku ile dukani ni lipi. Mama mkubwa akasema ni lile la bluu. Tukamwambia lile la bluu libaki. Akabisha kidogo, kwa sababu lilikuwa zawadi na lina vifungo vizuri, kisha akasema mwenyewe kwamba angekuwa yeye angelikataa pia. Mkoba wa siku ile nao ukabaki.

Katika picha ya mwisho, pembeni ya kitanda, kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu. Hakuwa amekifungua. Nikamuuliza ni nini.

"Mzigo," akasema.

"Una nini ndani?"

"Ni zawadi."

"Zawadi ya nini, mama?"

"Ya mama yake."

Mambo yalikuwa hivi. Mwanamke mmoja wa Dodoma, waliyekuwa wakisali naye Denver, alisikia mama mkubwa anarudi, akamwomba ampelekee mama yake mzigo mdogo. Sote tumefanya hivyo. Yeyote anayesafiri kwenda nyumbani huwa amebeba vitu vya watu wengine zaidi ya vyake mwenyewe, na vitu vya watu havifunguliwi. Ukimfungulia mtu mzigo umemwambia humwamini. Mama mkubwa, ambaye amefungua masanduku ya wasichana zaidi ya anavyoweza kukumbuka, alikuwa hajawahi katika maisha yake kufungua mzigo wa mtu mzima mwenzake. Haikuwa imemjia akilini. Na mimi, nisiseme uongo, nilikaa na simu mkononi nikiona haya, kwa sababu nami nilikuwa nimeshapokea mizigo kama hiyo pale Dubai na kuipeleka kwa watu bila hata kuitikisa.

Nilimwambia aufungue. Akasema hawezi. Nikamwambia basi ampigie mwenyewe amwombe ruhusa. Akasema hilo ni baya zaidi. Zikaja jumbe fupifupi za kunieleza jinsi mwanamke yule alivyo mwema, anavyoimba kwaya, alivyomletea supu alipougua mafua. Mkenya akainua kichwa akaniambia nimpe simu. Akabonyeza akasema, kwa heshima zote alizonazo, "Mama, shikamoo. Ni mimi askari. Mimi kazi yangu ni kufungua mifuko ya watu, na wengi wao ni watu wazuri sana."

Tukanywa chai. Kisha ikaja picha ya utepe mwekundu ukiwa umekunjwa vizuri pembeni, na karatasi ikiwa haijachanika hata kidogo. Ndani kulikuwa na sweta, kandambili za manyoya, vitamini, na kopo la bati la dawa ya kuchua. Juu ya mfuniko lilichorwa jani. Halikuhitaji maelezo.

Mama mkubwa alimpigia mwenye mzigo. Mwanamke yule alishangaa kabisa. Ilikuwa dawa tu ya magoti, alisema, inauzwa waziwazi, hata yeye anajipaka. Aliitia mle kwa upendo, akiwaza magoti ya mama yake tu. Hakuwa na ubaya wowote. Lile jani alikuwa amelizoea kiasi cha kutoliona tena. Alipoelezwa kopo lile lingepita wapi, alikaa chini akalia, na mama mkubwa akawa na kazi ya kumbembeleza. Kopo likarudi kwake. Mengine yalifungwa upya na utepe uleule.

Ujumbe wa mwisho wa siku ile ulikuwa mfupi. "Tumekaa miaka yote tunabebeana vitu tusivyovijua," alisema. Halafu, baada ya kupumua: "Na mimi nimewanyang'anya watoto karanga."

Siku ya kufika ilikuwa Jumamosi alasiri. Mimi na Mkenya tulisimama nyuma ya vizuizi vya chuma pamoja na familia za Wahindi na Wapakistani waliobeba maua. Ndege ilikuwa imetua zamani. Watu wakatoka kwa makundi, kisha wawiliwawili, kisha akatoka mzee mmoja peke yake na mkoba wa kompyuta. Kisha hakutoka mtu. Mkenya alikuwa akinitania tangu kwenye metro kwamba nimevaa kama ninayekwenda kuposwa. Sasa alikuwa ameacha utani, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa. Nilijikuta napitia moyoni picha zile zote: soli, mifuko, soksi, Biblia. Kofia mbili. Je, kofia tulizigeuza ndani?

Mlango ukafunguka, akatoka akisukuma toroli, mgongo wima, amevaa kofia moja na nyingine ameiweka juu ya sanduku. Alinyoosha mkono kunizuia nisimkumbatie kabla hajaegesha toroli pembeni, wasije wengine wakajikwaa. Kisha akanikumbatia, na alinuka sabuni ileile ya shuleni.

Alichelewa kwa sababu afisa mmoja wa forodha, binti mwenye miwani, alimwomba afungue sanduku. Akalifungua. Binti akapitisha mkono juujuu, hakuona kitu, akamwambia yalla, mama, yalla, aende zake. Lakini nguo mbili zilikuwa zimekunjuka, na mama mkubwa hafungi sanduku lililovurugika. Alitoa kila kitu juu ya meza ya watu wa forodha akaanza kukunja upya, kwa utulivu wake, huku foleni ikisubiri. Binti alijaribu kumhimiza. Mama mkubwa akampa ncha mbili za kitenge azishike. Wakakunja pamoja vitenge vyote, na walipomaliza binti alikuwa anamuuliza ile mikunjo ya pembeni anaifanyaje.

"Mtoto mzuri," alisema, "ila hawamfundishi kukagua."

Tulimpeleka Al Mankhool. Jioni, kwenye kibanda cha chai cha Mmalayali, Mhindi wa Kerala, mtaa wa pili kutoka hotelini, tulisimama barabarani na vikombe vya karatasi vya karak, chai ya maziwa yenye iliki. Mkenya alianza kumuigiza yule binti wa forodha, amekamata pembe za kitenge cha kufikirika, miwani inateleza puani, anasema yalla, mama, yalla kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Mama mkubwa aliweka kikombe chake juu ya ukuta. Nikaona mabega yanaanza kutikisika. Kisha kikatoka kicheko kilekile cha tumboni, kikakatika, kikaanza upya, mpaka Mmalayali akachungulia dirishani na kuanza kucheka bila kujua sababu. Tangu ule ujumbe wa kwanza nilikuwa nimekihesabu kicheko kile kuwa cha peremende. Sasa hapa alikuwa na chai tu.

Nilimwambia hivyo. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema. "Kumbe kilikuwepo. Umatroni ndio ulikuwa umekikalia."

Siku nne zilikwisha haraka. Alikaa kwenye kochi la mapokezi nikiwa kazini, akiangalia ninavyowaandikia wageni, na aliposikia habari ya ile aya yangu aliniambia nimsomee. Akasema ni nzuri ila imejaa adabu kupita kiasi. Niongeze mstari kuhusu mizigo ya watu. Nikauongeza siku ileile, kwamba mgeni asibebe kifurushi ambacho hakukifungua mwenyewe. Meneja aliupitisha bila kuuliza. Mama mkubwa alikula chapati za Mkenya na kutamka hukumu kwamba ni nzuri, kwa Mkenya.

Asubuhi ya kuondoka nilimletea mzigo wangu: shuka na foronya nilizomnunulia zamani, nikazifunga kwa karatasi ya rangi ya dhahabu, na kikopo cha zafarani kwa majirani. Mkenya naye alileta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gundi pande zote, cha rafiki yake aliyehamia Dodoma kikazi. Tulikuwa tumevipamba kwelikweli. Tukaviweka kitandani mbele yake.

Mama mkubwa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kiti, akaketi, akavaa miwani yake, akachukua kwanza ule wangu.

"Msione haya," alisema, akiingiza ukucha chini ya gundi taratibu, karatasi isichanike.

Hatukuona haya. Tulikaa kitandani bega kwa bega, kama wasichana wa kidato cha kwanza nyuma ya masanduku yetu, tukamsubiri afungue.